Tulivyomgawa Samaki kama Mbuzi

Siku tuliyomzika mume wangu, kaka yake mkubwa alisimama kando ya kaburi, akavua kofia, akasema, "Ndugu yangu alikuwa mtu mwema, mchapakazi, na mwongo."

Watu walicheka. Manyunyu yalikuwa yakitunyeshea tangu asubuhi, tumesimama kwenye matope ya Gatitu, na nadhani walihitaji kucheka. Hata mchungaji alitazama chini akakohoa kama mtu anayeficha meno. Watoto wangu nao walicheka kidogo kwa sababu wakubwa wamecheka, halafu wakanitazama waone kama wamekosea. Mimi sikulia wala sikucheka. Si mtu wa maneno mengi hata siku za furaha. Nilisimama tu, na lile neno likafukiwa pamoja naye.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Miaka yake ya mwisho alibeba unga, saruji na mabati ya tajiri mmoja wa Nyeri mjini na kuyapeleka Loiyangalani, kwenye ziwa Turkana, mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika wala aliyetaka kufika. Alikuwa akirudi na vumbi hadi kwenye kope, anaoga, anakunywa chai, kisha majirani wanaingia mmoja mmoja wakijifanya wamekuja kuazima chumvi. Naye anaanza.

Alisema kuna ziwa katikati ya jangwa, kubwa hata ng'ambo haionekani, na maji yake ni ya kijani kama kabichi. Alisema mamba hulala ufukoni wamepangana kama magogo kwenye kiwanda cha mbao. Alisema kuna ndege aliyening'iniza kiondo chini ya mdomo, na upepo unaoweza kumvua mtu blanketi hali amelilalia. Alisema samaki mmoja ana uzito wa kondoo dume aliyenoneshwa. Na ile aliyoipenda kuliko zote, aliyoisimulia akiwa amesimama na ameinua mikono, ni kwamba siku moja alimshika mamba mkia akamvuta kutoka majini.

Ushahidi hakuwa nao. Mara moja tu alileta kipande cha samaki mkavu amekifunga kwenye gazeti. Kwa watu wa umri wa mama mkwe wangu, samaki si chakula. Ni ndugu wa nyoka aliyeamua kukaa majini. Alikitazama kile kipande akiwa mbali, akaamuru kizikwe nyuma ya choo, na jembe lioshwe. Kwa hiyo ushahidi ulikuwapo, ila ulizikwa kabla ya mwenyewe.

Baada ya mazishi nilirudi kuuza vitunguu Karatina. Nikiwa sokoni mwanamke nisiyemjua aliniuliza, "Ni wewe mke wa yule wa mamba?" Nikasema ni mimi. Akanunua vitunguu vyangu bila kubishania bei, kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma. Halafu mtoto wangu wa pili alirudi kutoka shuleni na jina jipya. Walikuwa wakimwita Mkia. Jina lenyewe lisingenisumbua sana, lakini nilimsikia mwenzake akimwita kutoka barabarani, naye akaitika.

Nilipanda hadi Mweiga kwa shemeji. Nilimkuta shambani akichimba viazi. Alikuwa mzee wa kanisa, na pia alikuwa mtu wa kuitwa watu wanapogombania mipaka ya mashamba, kwa hiyo alikuwa amezoea kusikiliza kila neno kama lina mlango wa nyuma.

"Mke wetu, umekuja kwa amani?"

"Nimekuja kwa ajili ya neno ulilosema kaburini."

"Nilisema maneno mengi."

"Moja."

Akapangusa mikono kwenye suruali. Hakujifanya hajui. "Wewe mwenyewe uliwahi kumwona huyo samaki?"

"Hapana."

"Basi tuko sawa. Wewe unaamini bila kuona, mimi nakataa bila kuona. Mmoja anafaa kanisani, mwingine anafaa kortini."

"Twende basi tukaone."

Alitazama viazi vyake. Najua alikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, mjane hawezi kusafiri na watu wa lori bila mtu wa ukoo, na yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Ya pili, alitaka kushinda. Tukapatana hivi: siku ya kujengea kaburi saruji, watu watakapokuja kwa maombi, kama atakuwa amemwona kwa macho yake samaki wa kadiri ya kondoo, atasimama palepale aliposimama na kurudisha neno lake. Kama hajamwona, nami sitalitaja tena maisha yangu yote.

Lori sasa lilikuwa la mwenzake mume wangu, mtu wa Majengo pale Nyeri, Mwislamu, ambaye walikuwa wakipokezana usukani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote. Nilipomwambia ninachotaka alisema, "Mama, kile kiti cha mwenzangu ni chako. Lakini huyo mzee atakaa dirishani, maana nasikia ana maswali."

Tulimkuta shemeji kando ya barabara Mweiga amevaa koti zito, sweta mbili na kofia ya felti. Miguuni pake kulikuwa na gunia la viazi, kabichi mbili na chupa ya chai.

"Mzee, huko tuendako ni joto," dereva akamwambia.

"Koti linalozuia baridi litazuia na joto. Pandisha gunia."

"Na viazi vya nini? Huko kuna chakula."

"Chakula gani?"

"Samaki."

"Ndiyo sababu ya viazi."

Tulilala Maralal, na kesho yake tukaanza kushuka. Barabara ilipotea ikawa mawe. Shemeji alivua koti Baragoi na sweta South Horr, kila nguo akiivua kana kwamba anamkabidhi adui silaha. Kofia hakuivua. Alisema mzee wa kanisa hatembei kichwa wazi mbele ya watu, na dereva akamwuliza watu gani, maana tangu asubuhi tulikuwa tumeona ngamia tu.

Kisha mawe yakawa meusi, kana kwamba mtu aliipika dunia akasahau kuiepua, na tulipopanda kilima cha mwisho dereva akazima injini, na ziwa likawa chini yetu.

Sitaki kusema uongo. Niliogopa kuliko nilivyofurahi. Miaka yote nilikuwa nimemwamini mume wangu bila kuhitaji kuona, na sasa nilihitaji.

"Maji ni ya kijani," nikasema.

"Hayo ni mawingu yanajiona majini," shemeji akasema.

"Wingu liko wapi?"

Akachungulia juu. Mbingu zilikuwa tupu kutoka pembe hadi pembe. "Basi ni ya kijani," akasema. "Lakini maji si samaki."

Tulishuka hadi ufukoni. Hapakuwa na mti wala kichaka, mawe tu na changarawe, na majani makavu yaliyotupwa na mawimbi. Ndege walikuwa wengi kuliko niliowahi kuwaona pamoja. Wengine walikuwa weupe na wakubwa kama bata mzinga, na walikuwa na mfuko wa ngozi unaoning'inia chini ya mdomo. Mmoja alichota maji, mfuko ukajaa, akainua kichwa akameza. Shemeji alimtazama muda mrefu.

"Kiondo," nikasema.

"Mfuko. Kiondo kinasukwa."

Mbele yetu, mbali kidogo, vitu virefu vya rangi ya majivu vilikuwa vimelala kando ya maji, sambamba. Nikawaonyesha kwa mkono.

"Magogo," akasema shemeji.

"Magogo ya mti gani, Mzee?" dereva akamwuliza kwa upole.

"Mti wowote. Mto huleta."

"Toka South Horr umeona miti mingapi? Na mto?"

Shemeji ni mtu wa haki. Aligeuka akatazama tulikotoka, mawe matupu hadi upeo wa macho, akafikiri kama anavyofikiri kwenye kesi ya mpaka. Halafu, kwa kuwa mtu wa Mweiga akiona gogo lisilo na mwenyewe hawezi kulipita bila kwenda kuona kama linafaa kwa kuni, akaanza kulifuata. Dereva alimshika shati. Wakati huohuo gogo la kwanza likainuka kwa miguu minne, likaingia majini bila hata kurusha tone. Mengine yakalifuata, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama wazee wakitoka ibadani.

Shemeji alirudi nyuma polepole. Nilingoja aseme lolote. Mwishowe akasema, "Hayakuwa mengi."

Hapo ndipo upepo ulipoingia. Hausogei kama wa kwetu, unaoanza kwa kutikisa majani ya migomba ili ujiandae. Huu ulishuka mzima mzima kutoka mlima uliokuwa nyuma yetu. Nilishika leso kwa mikono miwili. Kofia ya shemeji ilinyanyuka, ikazunguka juu ya vichwa vyetu kama inayotafuta njia, ikaenda kutua majini, mahali pale pale magogo yalipoingilia. Ikaelea. Alipiga hatua mbili kuifuata, akasimama, akaitazama ikienda.

"Mzee, nikuchukulie?" dereva akauliza, bila kusogea.

"Wacha," akasema. "Upepo nimekubali."

Dereva alitupeleka kwa mama mmoja mzee, Mturkana, ambaye alikuwa akiwapikia madereva wote wa barabara ile. Nyumba yake ilikuwa ya majani ya mkoma, ule mnazi mwitu unaoota penye chemchemi, imejikunja chini kama kuku aliyelalia mayai. Alimjua mume wangu. Dereva alipomwambia kwamba amefariki, na kwamba mimi ndiye mkewe, alikaa chini. Kisha akaniuliza, "Alikufa kwa maji?"

"Hapana. Kifua."

"Nilijua si maji," akasema, na sikumwuliza alivyojua.

Shemeji alimletea gunia kama salamu. Mama akalifungua, akatoa kiazi, akakigeuzageuza mkononi, akakinusa.

"Hii naijua. Hii ni ya kaka yake."

"Kaka ya nani?" shemeji akauliza.

"Ya huyo dereva yetu. Kila safari alileta. Alisema iko na kaka, mkulima mkubwa, viazi yake hakuna mwingine mlima nzima."

Shemeji alinitazama. Kila mavuno alikuwa akituma gunia Gatitu kwa ajili ya watoto, na mimi nilikuwa nikipokea nusu gunia na kudhani ndilo lote. Sote wawili tulielewa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa na wa kumgombeza.

"Alikuwa mtu mzuri," mama akaendelea, akikoleza moto. "Lakini mwongo, pole sana. Mwongo kabisa."

Niliona mgongo wa shemeji ukinyooka. "Alidanganya nini?"

"Mambo ya kwenu. Ati mlima iko na kichwa nyeupe. Ati juu huko maji imekuwa mawe, inakaa tu hapo, jua inapiga na haimalizi."

"Hiyo ni kweli," shemeji akasema.

Mama akacheka. Vijana wawili wavuvi waliokuwa wakishona nyavu mlangoni wakacheka pia. "Mlima ni mrefu, si ndiyo? Iko karibu na jua. Sasa baridi inatoka wapi?"

"Sijui inatoka wapi. Iko. Mimi naiona kila asubuhi nikifungua mlango."

"Na ati asubuhi majani ya viazi inaungua na baridi. Inaungua," akarudia kwa vijana, "na baridi."

"Inaungua!" shemeji akapaza sauti. "Inakuwa nyeusi kabisa. Mwaka mmoja nilipoteza shamba yote. Uliza mtu yeyote Mweiga."

"Mweiga iko mbali," kijana mmoja akasema.

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Wewe ni kaka yake," mama akasema, kwa sauti ya kumtuliza. "Lazima useme hivyo. Ni vizuri. Mtu asimame na ndugu yake."

Shemeji aliwageuzia wavuvi kisogo. Alinigeukia. "Mke wetu, waambie."

Nikawaambia. Nikasema nimeiona theluji tangu nizaliwe, na kwamba siku isiyo na wingu unaiona ukiwa sokoni Karatina umeketi juu ya vitunguu. Mama alinisikiliza kwa heshima yote anayostahili mjane, akanipa chai. Hakuamini hata neno moja. Chai yenyewe ilipikwa kwa maji ya ziwa, nyeusi ajabu, na ilikuwa na ladha ya sabuni. Niliimaliza.

Samaki aliletwa kesho yake mchana. Wavuvi wengine wawili walikuja wamembeba kwenye mti begani, mkia ukigusa changarawe. Walimlaza mbele yetu. Alikuwa na rangi ya fedha, mdomo mkubwa kuliko kichwa changu, na jicho la dhahabu lisilofumba. Shemeji alimzunguka. Hapakuwa na mizani, lakini yeye hununua kondoo bila mizani, kwa kuwakumbatia. Aliinama, akapitisha mikono chini ya tumbo, akamwinua. Akasimama naye kifuani, uso mwekundu kwa jitihada, kichwa wazi, upepo ukimpiga, akifanya hesabu.

"Kondoo dume," akasema hatimaye.

"Aliyenoneshwa?" nikauliza.

Akamwinua tena kidogo. "Aliyenoneshwa."

Nilitembea hadi nyuma ya lori, nikasimama huko mpaka nikaweza kurudi.

Niliporudi, mashauri yalikuwa yameanza. Mama alikuwa amesema samaki huyo ni wetu, ni wa mfiwa, na kwamba hatuondoki kabla ya kumla. Kwetu chakula cha msiba hakikataliwi. Kwetu pia samaki haliwi. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya sheria mbili, na kwa uso wake niliona ameanza kutafuta mlango wa nyuma.

"Lete kisu," akasema. "Nitamchinja."

"Amekufa tayari," mvuvi akamwambia.

"Samaki hachinjwi, Mzee," dereva akasema. "Kwetu ni halali jinsi alivyo."

"Kwenu. Kwetu kisichochinjwa hakigawanywi, na kisichogawanywa hakiliwi. Nikimgawa vizuri, huyu ni nyama kama nyama nyingine."

Akakunja mikono ya shati. Kwa mtu asiyejua, niseme kwamba kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe. Shemeji aligawa mbuzi za ukoo wetu tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kulalamika. Alimkalia samaki kwa goti moja, akatafuta shingo. Hakuipata. Akapima mbele, akapima nyuma.

"Kichwa kinaishia wapi?"

"Hapo hapo mwili unapoanzia," dereva akasema.

Akakata mahali alipoona panafaa. "Masikio ni ya wasichana," akatangaza, kama anavyotangaza nyumbani. Akageuza kichwa huku na huku. "Masikio?"

"Hana, Mzee."

"Hasikii?"

"Angesikia angekuwa hapa?"

Wavuvi walikuwa wamekaa chini sasa. Watu wengine walikuwa wakitoka nyumbani mwao kuja kutazama. "Figo ni za akina mama." Akaingiza mkono tumboni hadi kwenye kiwiko, akatoa vitu virefu asivyovijua, akavirudisha. "Miguu ni ya supu." Hiyo aliisema kwa sauti ndogo, na hakungoja jibu. "Huyu mbuzi wenu amekuja nusu," akamwambia mama, na mama alicheka hadi akashika ukuta.

Lakini mbavu zilikuwapo. Alizipata, uso ukamng'aa. Alikata upande mzima, akanipa kwa mikono miwili. "Mbavu za mwenye nyumba." Akampa dereva kipande karibu na pezi akakiita bega. Akampa mama kipande cha mgongo, kwa sababu ndiye aliyetukaribisha. Kila mmoja alipokea kwa uzito, hata wavuvi, ambao walikuwa wakila samaki tangu wazaliwe na hawakuwahi kuambiwa kipande kipi ni chao.

Kisha akakivuta kile kichwa, akakifungua mdomo, akaingiza mkono.

"Unatafuta nini, Mzee?" dereva akasema. "Kuna meno humo."

"Ulimi."

Hakuna aliyeuliza ulimi ni wa nani. Mimi nilijua. Kila mbuzi wa ukoo wetu aliyechinjwa, ulimi ulikuwa wa mume wangu. Ndugu zake walimpa kwa mzaha tangu akiwa kijana, wakisema chombo kiende kwa fundi, mpaka ikawa haki yake. Shemeji alichuchumaa pale, mkono ndani ya mdomo wa samaki, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Upepo ulikuwa mkali na kila mtu macho yalikuwa yakimtoka machozi, kwa hiyo siwezi kusema zaidi. Mwishowe alikata kitu kidogo kigumu kama ukucha, akakiweka juu ya jiwe peke yake, mbali na vipande vingine.

Mwewe alishuka akakichukua kabla shemeji hajasimama.

Shemeji alimfuata kwa macho hadi akawa nukta. "Hata huku wezi wako," akasema, akafuta kisu.

Samaki alichomwa juu ya makaa. Alikuwa mweupe ndani na mtamu, na nasema hivyo nikijua mama mkwe wangu angesemaje. Shemeji alikula kipande chake akiwa amefumba macho, kwa niaba ya samaki labda. Halafu akakubali kingine. Baada ya hapo akawa mtu mwingine. Aliwaeleza wavuvi jinsi ya kupanda viazi. Aliwaeleza tena habari za theluji, akitumia mikono, na tena hawakuamini. Na kwa kuwa alitaka angalau jambo moja la ndugu yake liaminiwe mahali pale, akasema, "Na mamba! Huyu ndugu yangu si alimshika mamba mkia hapa hapa, akamtoa majini?"

Mama aliwatazama wavuvi, wavuvi wakamtazama dereva, na dereva akaanza kuchunguza bega lake la samaki.

"Yule?" mama akasema. "Yule hakuwahi kufika kwa maji. Maji ya kuoga mimi nilimchotea. Alilala ndani ya gari, dirisha imefungwa, na joto hii yote. Mamba mmoja ilikufa kwa nyavu ya vijana. Yeye aliigusa mkia. Na fimbo." Akanyoosha mkono wote kuonyesha urefu wa fimbo. "Fimbo mrefu."

Niliweka mbavu zangu chini. Shemeji hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

Aliniuliza siku ya pili ya kurudi, tukiwa tumepita Rumuruti, sweta zimeanza kuvaliwa tena.

"Mke wetu. Hili la mkia."

"Ndiyo."

"Mapatano yetu yalikuwa ya samaki. La mkia halikuwamo. Naweza kulipita."

Dereva aliongeza mwendo, kama mtu anayetaka kelele ya injini imsaidie asisikie. Nilifikiri sana. Ningeweza kumwambia alipite, na watu wangerudi nyumbani wakijua mume wangu alisema kweli yote. Lakini ningekuwa najua mimi, na angekuwa anajua yeye, na kila mara mtoto wangu akisimulia ile habari na mikono juu ingenibidi nitoke nje.

"Liseme," nikasema.

"Watacheka."

"Wacheke kwa alilofanya. Siyo kwa asilofanya."

Kaburi lilijengewa saruji msimu wa jua, na watu walikuja wengi, kwa kuwa habari ilikuwa imeenea kwamba mzee wa Mweiga amerudi kutoka jangwani bila kofia. Alisimama palepale. Watoto wangu walikuwa mbele, yule wa pili akichezea kifungo cha shati lake.

"Nilisema hapa kwamba ndugu yangu alikuwa mwongo," akaanza. "Nimekwenda nimeona. Maji ni ya kijani. Upepo, nimeuona. Mamba, nimewaona, na walikuwa wengi. Samaki nimemwinua kwa mikono hii, na ni kondoo dume, aliyenoneshwa. Hayo yote alituambia na sisi tukamcheka, na mimi nilimcheka kuliko wote, hata siku ya kumzika. Neno hilo nalirudisha."

Akavuta pumzi. Nikajua linakuja.

"Isipokuwa la mkia. Mamba alikuwa amekufa, na alimgusa kwa fimbo. Ndugu yangu alikuwa mwongo mara moja, na siku hiyo alikuwa ameogopa. Mimi pia niliogopa, nami sikuwa na fimbo."

Walicheka, kama alivyosema. Mchungaji hakujificha safari hii. Nilimwona mwanangu akigeuka kunitazama, kuona kama inafaa, na akanikuta nacheka.

Watu walipokuwa wakinywa chai, shemeji alikuja kukaa kando yangu kwenye benchi, kikombe mkononi.

"Nimesema vizuri?"

"Umesema kweli."

"Sikuuliza hivyo."

Nikafikiri. Ukweli ni kwamba nilitaka zaidi kidogo. Nilitaka mume asiye na doa, na nilikuwa nimepewa mtu aliyelala ndani ya gari amefunga dirisha.

"Ulikuwa unaharakisha mahali pa samaki," nikamwambia. "Ungemweleza vizuri zaidi."

Akaitikia kwa kichwa, akakubali kosa. Kisha akaweka kikombe chini, akamwita mwanangu wa pili, akaanza kumwonyesha kwa mikono yake miwili jinsi alivyombeba yule samaki.